Habari za Getini

Kamati ya mtaa wetu wa Muthangari ilitutundikia ubao wa matangazo, wa kioo na kufuli, na hakuna anayeusoma, kwa sababu soja wa geti hukusomea yote kabla hajakufungulia. Mkono mmoja huwa kwenye komeo, wa pili unapanga habari hewani: maji kwanza, halafu stima, halafu mbwa aliyepotea. Ukipiga honi, anaanza upya.

“Madam, maji inapotea saa nne.”

“Fungua bwana, nimechelewa!” hufoka jirani yangu Kanchan, kila asubuhi, na kupiga honi.

Jumatatu moja soja aliamka na homa, sauti imekauka kabisa. Nikiwa nyuma ya Kanchan, nikashukuru kimoyomoyo: leo tutapita. Wapi! Akashika komeo lake, akafungua bomba lisilokuwepo, akatikisa kichwa. Kisha akaonyesha nyumba ya kina Muindi, waliokuwa wakingojea mtoto, akakunja mikono kifuani, akabembeleza. Halafu, taratibu, akainua vidole viwili.

Kanchan akazima injini, akatoa kichwa dirishani.

“Soja, hebu rudia hiyo ya watoto.”