Ng'ombe Aliyelala Katikati ya Njia

Katika nyumba yangu hakuna ruhusa ya kusema "ng'ombe tu". Wajukuu wanalijua hilo, na wakitaka kunichokoza wanalisema makusudi, wakiwa wamesimama karibu na mlango ili wapate pa kukimbilia. Nilipokuwa na umri wa kuolewa, maneno hayo mawili yalitamkwa mbele yangu na mtu mzima mwenye kofia, na nusura yamponze.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza. Sisi tulikaa kwenye kilima kimoja upande wa Masisi, na kijana aliyenichumbia alikuwa wa Karuba. Kutoka kwao hadi kwetu ni mwendo wa asubuhi nzima, na zaidi kama unaongozana na ng'ombe, maana ng'ombe hana haraka na harusi ya mtu. Wazee walikuwa wameshaelewana. Ng'ombe wa mahari alikuwa ameshachaguliwa: jike la kahawia, pembe ndefu, mwenye mimba. Lilibaki jambo moja, atoke zizini kwao aingie zizini kwetu. Kwetu wafugaji, akishaingia na kupewa majani na mtu wa nyumba ile, mambo yamekwisha. Kanisani mnakwenda kuomba baraka tu.

Aliyepewa kazi ya kumleta ni mjomba wa mchumba wangu, mzee mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Siku hiyo alijifunga shuka jeupe lililofuliwa vizuri, akashika fimbo, akaanza safari huku akimsifu ng'ombe kwa sauti, mama yake na bibi yake, jinsi walivyotembea na jinsi walivyokamuliwa. Alikuwa amefika kwa bibi wa bibi wakati lori lilipotokea nyuma yao kwenye kona. Yeye anasema halikupiga honi. Mimi nasema hata lingepiga asingelisikia.

Lori lilimgonga ng'ombe mguu wa nyuma. Mjomba aliruka mtaroni, shuka likabaki linaelea hewani peke yake. Lori likasita kidogo, halafu likaongeza mwendo, likashika njia ya Walikale na kupotea.

Watu walikuja mbio kutoka mashambani, na hapo ndipo tulipofanya kosa letu, kosa la watu wa milima yetu. Kila mmoja alimwangalia ng'ombe. Polisi wa serikali alipokuja kutoka Masisi kuuliza habari, alikuta mashahidi tele, wote wenye hamu ya kusema.

"Ile kamiyo ilikuwa namna gani?" akauliza, kamiyo yaani lori.

"Ngombe ilikuwa inatembea muzuri," mmoja akajibu, "kichwa juu, masikio mbele."

"Nauliza kamiyo. Ilikuwa ya rangi gani?"

"Ngombe njo ya kahawia. Iko na alama nyeupe hapa chini ya jicho, sawa mama yake."

"Kamiyo!"

Mjomba, akiwa bado na matope masikioni, akamwangalia kwa huruma. "Afande, kamiyo iko kamiyo," akasema. "Zote zinanuka sawasawa."

Polisi akapanda baiskeli yake akaenda zake, na sisi tukamlaumu kwamba hakutaka kusikiliza.

Ng'ombe hakufa. Mfupa ulikuwa umepasuka lakini haukuachana, wakaufunga kwa vipande vya mianzi. Hakuweza kutembea, kwa hiyo wakamvuta pole pole hadi kwenye nyumba iliyokuwa karibu, nyumba ya mama mmoja mjane, mkulima wa maharagwe, ambaye maishani mwake hakuwahi kufuga kitu kikubwa kuliko mbuzi. Usiku ule wote tulimshukuru Mungu. Asubuhi ugomvi ukaanza.

Ng'ombe alikuwa wa nani? Watu wa Karuba walisema ametoka kwao mzima na baraka zote, kwa hiyo ni wa baba yangu, pole sana kwa ajali. Baba alisema hajaona ng'ombe yeyote akiingia mlangoni kwake, kwa hiyo ni wao, na wakileta mwingine wachague mwenye miguu minne mizima. Walipima hata njia. Kila upande uliona ile nyumba ya mjane iko karibu zaidi na kwa mwenzake. Na kwa kuwa kumpa majani ni kumkubali, baba alitangaza kwamba mtu yeyote wa nyumba yake akionekana anampa yule ng'ombe hata jani moja, atalala nje. Kule Karuba baba mkwe wangu, ambaye hakuwa baba mkwe wangu bado, akatoa tangazo hilohilo.

Watu walicheka sana, na hata mimi nikikumbuka nacheka. Lakini siku zile sikucheka. Nilimpenda yule kijana. Mambo ya kupenda hayakuulizwa wakati ule, lakini mimi nilikuwa na bahati kwamba wazee walimchagua mtu niliyekuwa nimeshamchagua mwenyewe sokoni, kimyakimya, kwa kumwangalia akibeba vibuyu vya maziwa. Matangazo ya ndoa kanisani yalisimamishwa. Na mfugaji mmoja wa Mushaki, mzee aliyefiwa na mke, mwenye tumbo na zizi lililojaa, alianza kupita kwetu kumsalimia baba mara kwa mara kuliko salamu zinavyohitaji. Nikaelewa kwamba yule ng'ombe akifa pale kwa mama wa maharagwe, mimi nitapelekwa Mushaki.

Kwa hiyo nikachukua jembe, nikaaga kwamba nakwenda shambani, nikashika njia.

Nilimkuta mama wa maharagwe amesimama mbele ya mgonjwa wake, amempa sahani ya maharagwe yaliyochemshwa, anashangaa kwa nini hataki kula.

"Mama, hii inakula majani," nikamwambia.

"Basi uipatie."

"Mimi siwezi kuipatia. Papa alikataza."

Akanitazama, akatazama jembe langu, akaelewa yote. Alikuwa na akili yule mama. "Kata majani, unipatie mimi," akasema. "Mimi njo nitaipatia. Kwangu hakuna mwenye alikataza."

Nikakata. Nikamkabidhi mkononi, na yeye akageuka akampa ng'ombe. Nilipogeuka nikaona mtu anakuja kutoka upande wa Karuba na mzigo wa majani kichwani. Ndiye. Akampa mama majani yake kwa heshima zote, kama mtu anayetoa sadaka, na mama akageuka tena akampa ng'ombe.

Ndivyo tulivyofanya kila mara. Mchumba hakuruhusiwa kuonana nami kabla ya ndoa, wala mimi kumwangalia usoni, na hatukuvunja sheria hata moja. Tulikuja kuonana na mama wa maharagwe. Yeye alikaa katikati akichambua maharagwe, sisi tukaongea na ng'ombe. Mimi nilimwambia ng'ombe kwamba usiku silali. Mchumba wangu akamwambia ng'ombe kwamba hata kwao kuna mtu halali. Ng'ombe akacheua. Hata sasa naamini hakuna ndoa kwenye milima ile iliyoongelewa kwa kina kama yangu, maana maneno yote yalipitia kwa mnyama mwenye subira. Nilikuwa na mwito wangu wa kumwita, mlio mdogo wa ulimi na meno, na hata akiwa amelala alinyanyua masikio akiusikia.

Halafu akazaa. Ndama jike, kahawia, alama ileile chini ya jicho. Mama wa maharagwe alikunywa maziwa ya nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, na akaanza kutembea kijijini kama mke wa chifu. Ghafla pande zote mbili zikakumbuka kwamba ng'ombe ni wao. Karuba wakamtuma mjomba akae pale alinde mali yao. Baba, ambaye hakutaka kumsikia ng'ombe kilema, akaanza kuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama yule ndama ananyonya vizuri. Ugomvi ukageuka kichwa chini miguu juu, lakini ulibaki ugomvi, na mfugaji wa Mushaki aliendelea kusalimia.

Siku hizo mvua ikinyesha, njia ilifungwa kwa mti mrefu uliolazwa ili malori yasichimbe udongo mpaka ukauke. Tuliita bariera ya mvua, na ya kwetu ilikuwa mbele ya nyumba ya mama wa maharagwe. Siku moja mchana mvua ilimwagika kweli, na lori moja lililotoka Walikale na mawese na mchele likasimama pale. Dereva akaja mbio kujikinga. Mama akamkaribisha karibu na moto, akampa maharagwe. Mimi nilikuwa pembeni nachambua. Mjomba alikuwa nje kwenye kibanda cha ng'ombe.

Yule mtu hakula. Alishika sahani, akaiweka chini.

"Mama," akasema, "muko naishi hapa siku mingi?"

"Nilizaliwa hapa."

"Ule muzee mwenye alikufa pale kwa kona, mulimuzika wapi?"

Mama akasema hajui mzee aliyekufa. Hapo dereva akavua kofia na machozi yakatoka. Akasema alikuwa anatoka Sake na mzigo wa chumvi, akakata kona, akaona kitu cheupe kikiruka juu mbele yake, akajua ameua mzee wa watu. Akaogopa kupigwa na umati, akakimbia hadi Walikale, na huko kwao Kibua, msituni, akakaa kwa ndugu zake bila kula wala kulala, kila akifumba macho anaona nguo nyeupe. Sasa ameleta debe la mawese kwa familia ya marehemu, na wakitaka kumpiga wampige.

Mlango ukafunguka. Mjomba akaingia, amelowa, na shuka lake jeupe mabegani.

Yule dereva alipiga ukelele ambao hata ng'ombe aliusikia, na alikimbilia nyuma ya mama. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Ilichukua muda kumwaminisha kwamba mjomba ana damu na mifupa, na mjomba mwenyewe hakusaidia, maana alipoelewa habari ya msiba wake alitaka kusimuliwa upya tangu mwanzo. Mwishowe dereva akamgusa mkono, akaona ni wa moto. Akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Aksanti Mungu!" akasema. "Basi niligonga nini?"

"Ngombe," akajibu mjomba.

"Kumbe! Ilikuwa ngombe tu!"

Mama akaacha kucheka. Mimi nikaacha kuchambua. Katika yote aliyotufanyia yule mtu, kugonga, kukimbia, kutuacha na mgonjwa, hilo ndilo lililotuumiza. Mtu wa msituni, kwao hakuna ng'ombe, hakujua amesema nini. Mjomba alikunja shuka lake taratibu, na mimi nikaona anatafuta fimbo. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema mbele ya mkubwa, na mjomba wa mchumba tena. Nilisimama maharagwe yakamwagika.

"Hii ngombe njo mimi," nikamwambia dereva. "Ilikuwa inakuja kwetu kuniolesha. Uliiangusha katikati ya njia, na mimi pia niko nalala katikati ya njia tangu ile siku. Usiseme tena 'tu'."

Akaniangalia, akaangalia chini. Akauliza afanye nini.

Mjomba aliachana na fimbo. "Wewe njo ulikatisha safari yake," akasema. "Wewe njo utaimaliza."

Njia ilipokauka, walirudisha lori nyuma hadi kwenye ukingo wa juu, wakalaza mbao, wakampandisha ng'ombe na ndama juu ya magunia ya mchele. Mchumba wangu, aliyefika na majani yake akatukuta katika vurumai hiyo, alipanda nyuma kumshika pembe. Mjomba alikaa mbele na debe la mawese mapajani, rambirambi za kifo chake mwenyewe, na akakataa katakata kuligawa. Mimi nikapita njia ya mkato mbio, nikafika nyumbani kabla yao, nikashika fungu la majani ya maharagwe nionekane nina kazi.

Baba alisimama mlangoni pa zizi, mikono nyuma. Lori lilipofika hakutoka hapo. Wakamteremsha ng'ombe, akasimama kwa miguu mitatu na nusu, akakataa kusogea. Mjomba akaeleza dereva ni nani, kisha akamsifu ng'ombe mpaka kwa bibi wa bibi. Wakamsukuma. Wapi.

"Munaona?" baba akasema. "Yeye mwenyewe anakataa."

Mfugaji wa Mushaki alikuwa amekaa kwenye kiti chetu kizuri. Aliposikia hivyo alivuta kiti mbele.

Nilikuwa mlangoni pa jikoni, ng'ambo ya zizi, na ulimi wangu ukafanya kazi kabla ya mimi kufikiri. Nilitoa ule mlio wetu. Masikio yakanyanyuka. Mchumba wangu akasogea mbele yake, akaingia mlango wa baba bila kuitwa, na ng'ombe akamfuata, anachechemea, ndama nyuma. Alivuka zizi lote mpaka kwangu, akashusha kichwa, akala majani ya maharagwe kutoka mkononi mwangu.

Kila mtu aliona. Ng'ombe ameingia, na binti wa nyumba amempa majani. Baba aliniangalia, akamwangalia kijana, akaangalia jinsi yule mnyama alivyosimama kati yetu kwa mazoea, na najua alielewa zile safari zangu zote za jembe lisilo na udongo.

Dereva ndiye aliyesema wa kwanza. Alikuwa bado amesimama kando ya lori, hajui kama kazi imekwisha ama bado. Akavua kofia.

"Papa," akasema, "sasa naweza kwenda?"

Baba alimtazama huyu mtu ambaye safari ya kwanza aliondoka bila kumwuliza mtu.

"Hapana," akamjibu. "Kwetu muntu haondoke kwenye ndoa bila kukula."