Tulivyokwenda Kumposa Korongo

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema ulimi wangu ulizaliwa kwanza, mwili ukafuata. Ndiyo maana nilipowapa wanafunzi wangu wa darasa la tano kila mmoja mnyama anayekaribia kutoweka, ili amsemee mbele ya wazazi, niliwafundisha kusema kama ninavyosema mimi: kwa ukali, kidole juu.

Binti mmoja mpole, wa kuongea kwa kunong'ona, alimchagua korongo mwenye taji, yule tunayemwita musambi. Sikujua kwamba baba yake anaye mmoja kwenye kabare yake, yaani baa, hapa Kanyosha. Alikuwa amemkata manyoya ya mabawa ili atembee katikati ya meza, wateja wapige naye picha wakingoja brosheti, mishikaki ya kwetu. Binti alikwenda kujizoeza nyumbani, palepale kwenye kabare. Akasimama mbele ya wateja, akasema neno kwa neno nilichomwandikia: "Anayemkata ndege mabawa ni mwizi!"

Jumatatu hakuja shule. Jumanne vilevile. Jumatano baba yake akaja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Madamu, mutoto wangu ananiita mwizi mbele ya watu. We ndo umemufundisha? Basi, masomo yamekwisha. Atabaki nyumbani, ataosha sahani."

Niliogopa, jamani. Nilikuwa nimemharibia mtoto masomo kwa ajili ya sentensi iliyonipendeza mimi.

Nikawaambia wanafunzi ukweli, kwamba kosa ni langu. Kisha msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye dada yake alikuwa ameolewa juzijuzi, akauliza: "Madamu, kwani kitu cha mutu kinaombwa hivyo? Si tungeenda kumuposa?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Hapa kwetu, hata umpende binti vipi, huendi kwa baba yake ukamwambia "nipe". Unakwenda na vinywaji, unaketi, unaanzia mbali, unampa mwenye nyumba nafasi ya kutoa kwa heshima. Mtoto wa miaka kumi na moja alilijua hilo, na mimi nimesomea ualimu!

Nikawatafuta watu wa hifadhi ya Rusizi, wakakubali kumtunza ndege huyo mpaka manyoya yaote. Jumamosi asubuhi tukaenda, watoto tisa waliovaa nguo zao nzuri, na kreti ya fanta. Baba alitupokea amekunja mikono kifuani. Binti yake alikuwa nyuma yake, kwenye beseni la sahani. Aliponiona akainamisha kichwa.

Yule wa kiti cha nyuma ndiye aliyekuwa msemaji wetu. "Muzee," akasema, "tulipita hapa, tukaona mu rupango yako, hapa uani, kuna binti mwenye taji. Ndugu zake wako kule Rusizi, wanamungoja. Tumekuja kuomba."

Wateja wakaacha kula. Baba akatutazama, akatazama kreti. Kisha akaingia nyuma ya jiko, akarudi amebeba bata, kama wazee wa posa wanavyoanza kwa kumtoa binti asiyeombwa.

"Ndo huyu?"

"Apana, Muzee. Huyu ni muzuri, lakini si yeye."

Akarudi na kuku. "Basi ni huyu?"

"Apana, Muzee. Huyo amekwisha kuposwa na brosheti!"

Loo! Wateja walipiga meza kwa kicheko, na baba mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Nikashusha pumzi. Wiki nzima nilikuwa sijapumua vizuri.

Mwisho akamleta musambi, akamweka katikati yetu. Kicheko kikaisha. Kwenye posa zetu, baba hagusi kinywaji cha wageni kabla hajamuuliza bibi harusi kama anawajua; akinywa, amemtoa. Akamtazama ndege.

"Huyu hana kinywa," akasema. "Nani atamujibia?"

Akageuka nyuma, kwenye beseni.

"Mama," akamwambia binti yake, kama baba wa kwetu wanavyowaita mabinti zao, "we ndo unamujua. Ninywe fanta ya hawa watu, ao nisinywe?"

Binti akafuta mikono kwenye sketi. Sauti yake ilifika mpaka barabarani.

"Kunywa, Baba. Na Jumatatu mi narudi shule."

Nililia mbele ya wateja wote, sikuona haya. Baba akafungua chupa, akainywa yote bila kuishusha.