Loisi na Uwanja wa Kichuguu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wake mwenyewe, Loisi alikwenda kufagia Uwanja wa Kichuguu. Alianza akiwa msichana, akaendelea alipoolewa na Nikodemo, na hakuacha hata alipokuwa na watoto wanne. Nikodemo alizoea kuwaambia wageni, "Mke wangu ana mume mwingine. Yule amelala chali pale nje, na hali ugali."

Uwanja huo ulikuwa Gulwe, karibu na mto wa Kinyasungwe. Hapo ndipo kikundi cha wanawake wa kijiji, walioitwa Wanakichuguu, kilipocheza muheme, ngoma ya Kigogo ambayo mpigaji huibana katikati ya mapaja. Kila mwaka baada ya mavuno walishindana na wanawake wa ng'ambo ya mto, na katika uwanja ule Wanakichuguu hawakuwahi kushindwa tangu enzi za mama yake Loisi. Siri ilikuwa sakafu. Waliitengeneza kwa udongo wa kichuguu na samadi, wakaishindilia kwa miguu mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa ngumu, na kila kishindo cha mguu kikasikika kama ngoma nyingine.

Mwaka ambao Wajerumani walikuwa wakiileta reli kutoka Morogoro, Loisi alikuta vigingi kumi na viwili vimepigwa kuuzunguka uwanja. Vilikuwa vimenyooka na kuchongwa vizuri. Nyumbani alikuwa na ngozi mbichi ya ng'ombe iliyosubiri kuwambwa ardhini ikauke, ili ivishwe kwenye ngoma mpya. Alijua vigingi vina kazi moja tu. Akaving'oa vyote, akashukuru, akawamba ngozi yake.

Siku ya tatu akaja Mbwana, mnyapara wa reli, mtu wa pwani mwenye sauti kubwa.

"Nani kang'oa vigingi vya Bwana Mkubwa?"

"Mimi," Loisi akajibu. "Vimefaa sana. Njoo uione ngozi."

Mbwana aliitazama ngozi, akashika kichwa. "Mama wee! Hivyo ni vya kupimia! Hapa yatawekwa mataruma, vile vyuma vinavyolazwa chini ya reli. Shehena nzima! Ardhi yote ya huku ikinyeshewa hugeuka tope, isipokuwa hapa."

Loisi akaelewa. Usafi na ugumu alioutunza maisha yake yote ndio uliowavuta.

"Vyuma vyenu vinakuja lini?"

"Baada ya siku kumi."

"Mnataka huu uwanja, au mnataka ardhi ngumu?"

"Ardhi ngumu. Lakini iko wapi nyingine?"

"Pale," Loisi akasema, akionyesha kichaka kilicho upande wa pili wa njia. "Siku ya kumi njoo na mkokoteni wako uliojaa vyuma. Ukizama hata kidogo, chukua uwanja wangu."

Mbwana akacheka. "Na Bwana Mkubwa akiniuliza?"

"Mwambie mwanamke aliyeng'oa vigingi anatumikia adhabu yake."

Mchana ule ule Wanakichuguu walifyeka kichaka. Walivunja vichuguu, wakabeba samadi kutoka mazizini, wakateka maji katika visima vya mchangani mtoni. Kisha wakapanga mistari, ngoma zikalia, wakakanyaga. Siku ya tano nyayo zilikuwa zimechubuka na nusu ya sakafu bado ilikuwa laini. Baadhi wakaanza kunong'ona kwamba uwanja ni udongo tu.

"Anayetaka kupumzika apumzike," Loisi akasema, akiwa amefunga majani miguuni. "Mimi nakanyaga."

Siku ya sita walisikia ngoma zikitoka mtoni. Alikuwa Dorkasi, kiongozi wa wapinzani wao, na wenzake ishirini.

"Umekuja kutucheka?" Loisi akauliza.

"Nitakucheka baada ya mavuno, nikikushinda pale pale kwenye uwanja wako. Wakiuchukua, nitakushindia wapi? Sogea, dada. Hata kukanyaga hujui."

Walikanyaga pamoja kwa siku nne, wakitaniana kwa nyimbo.

Siku ya kumi Mbwana alikuja na mkokoteni wa vyuma uliosukumwa na wanaume wanane. Ukapita mwanzo hadi mwisho. Mbwana akainama, akapitisha kidole mahali magurudumu yalipopita. Hakukuwa na mfereji, ila alama nyembamba kama ya ukucha. Akainuka bila mzaha.

"Vigingi vyangu, mama."

Loisi alikuwa amekuja navyo. Akavipiga mwenyewe kuizunguka sakafu mpya, kimoja kimoja.

Baada ya mavuno ya mwaka ule, Dorkasi na wenzake walishinda. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushinda katika Uwanja wa Kichuguu, tena mbele ya watu wote. Dorkasi alicheka mpaka akaketi chini.

Kesho yake asubuhi, Loisi alichukua ufagio wake.