Sakafu ya Lori la Vitunguu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika msumeno wala nyundo. Foromani wa karakana, pale Mlandege mjini Iringa, alikuwa Mbena mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alinipeleka mbele ya meza ya kazi, akaniambia niweke kiganja juu yake.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Baridi, mzee."

Alicheka mpaka mafundi wengine wakageuka. "Baridi ya Iringa inasikika hata kwenye ugali, kijana. Nakuuliza hivi, hii meza imenyooka au haijanyooka?"

Sikujua. Akachukua rula ndefu ya chuma, akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya meza, akainamisha kichwa mpaka jicho likalingana na mbao. Kisha akaniita nichungulie. Katikati, chini ya rula, mwanga mwembamba ulikuwa unapita. Alinieleza kwamba mbao ukiilaza juu ya meza iliyobonyea, inainama chini ya randa, halafu ukiitoa inarudi ilivyokuwa, na kumbe umeinyoa mahali pasipotakiwa. Mlango wa mbao hiyo utakwaruza sakafu mpaka mwenye nyumba akulaani.

Ninyi mliokulia kwenye mashine za umeme pengine randa mnaiona ukutani tu, imetundikwa kama picha ya babu. Ni kisu kilichokaa ndani ya kibao, unakisukuma kwa mikono miwili na kifua, nacho kinatoa maranda membamba yanayojikunja. Kwa randa hiyo kila mgeni alinyoosha uso wa meza yake kabla hajapewa kazi ya mteja. Tuliita kunawisha meza. Mimi niliinawisha yangu mpaka viganja vikatoka malengelenge, na foromani akija na rula yake, mwanga ulikuwa bado unapita. Alikuwa anageuka na kuondoka, nami naanza upya huku namtukana moyoni.

Meza zile zilikuwa za mninga. Siku moja nilimsifia foromani ugumu wake, nikidhani nimesema la maana.

"Usitafute mbao ngumu," alinijibu. "Tafuta mbao iliyomaliza hasira zake."

Alikuwa na maana hii: mti ukikatwa una maji, na maji yakitoka, mbao inasinyaa, inajipinda, inapasuka. Hizo ndizo hasira. Iache ikasirike kwanza, ikichoka ndipo uilete kwenye meza. Mkongo mbichi, pamoja na ugumu wake wote, utakuaibisha, na paina iliyokauka itadumu mpaka ikuzike.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, kwenye karakana ya taasisi moja upande wa Uyole. Huko mkubwa wangu alikuwa mkuu wa karakana, tuliyemwita Injinia, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alitaka meza mpya kabla ya ukaguzi, na mbao za paina zikaletwa kutoka Mafinga wakati wa masika, zimelowa kiasi kwamba ukizibonyeza kwa ukucha maji yanatokeza. Tulisema zisubiri. Ukaguzi haukusubiri. Tuliziunganisha, tukazipigilia misumari, wakaguzi wakazisifu, wakaenda zao. Kiangazi kilipoingia, nyuso za meza zikajikunja kama vigae, na misumari ikachomoza vichwa kama inachungulia nani anakuja.

Injinia alikuja kuzitazama. "Haya," akasema, "zimetukasirikia." Hakumlaumu mtu. Alivua koti akashika nyundo, tukazibomoa pamoja. Na hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo foromani hakunifundisha. Mbao hata ikikauka haiachi kabisa kusogea. Masika inavimba kidogo, kiangazi inasinyaa kidogo, maisha yake yote. Kwa hiyo uso wa meza haupigiliwi misumari. Unafungwa kwa bolti kutokea chini, na matundu ya bolti kwenye mihimili yanachongwa marefu kidogo, ili mbao ipate nafasi ya kusogea bila kupasuka. Nusu ya elimu yangu niliipata Iringa, nusu nyingine Uyole kwa mtu yule, na mpaka leo sijui ni ipi iliyonisaidia zaidi.

Nilistaafu pale pale. Palikuwa na soda, hotuba na blanketi zuri. Meza niliyofanyia kazi ikabaki, kwa sababu haikuwa yangu. Ni ajabu kidogo, lakini mtu aliyetumia maisha yake yote mbele ya meza ya kazi alirudi nyumbani Mlandege bila hata moja. Sikuliwaza hilo mpaka jirani aliponiomba nimtengenezee dirisha. Nikakaa chini uani, mbao nimeibana kwa mguu, nikaanza kupiga randa. Mke wangu, Mama Neema, alinikuta siwezi kusimama.

Daktari alinipapasa mgongo, akasema bila kuzunguka. "Mzee wangu, ukitaka kuendelea na kazi, ufanye umesimama. Ukiendelea kuinama chini hivyo, useremala basi."

Binti yetu Neema anafundisha shule Dodoma. Aliposikia habari hiyo alipiga simu jioni ile ile.

"Baba, njoo na mama mkae kwangu. Vyumba vipo. Kazi uliyofanya imetosha."

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Hata kuku wa jirani wananijua. Miezi ile ya kwanza ya kustaafu niligombana na fundi viatu, na katekista, na redio. Sasa mwanangu ananiambia imetosha! Nikamjibu kwa sauti ya juu, "Nitatengeneza meza ya kazi. Ikijikunja kabla ya mvua za kwanza, mimi na mama yako tunakuja Dodoma, na sitabeba hata patasi."

"Umesema mwenyewe, baba," Neema akanijibu taratibu.

Mama Neema alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa, wala sikumwuliza anaonaje.

Miguu ya meza haikunisumbua. Mbao mbili mbili zikiunganishwa hubeba hata ng'ombe. Shida ni uso, maana ndio unaokula mbao nyingi na ndio unaotakiwa kunyooka. Nilianza na mninga, kwa mazoea ya kijinga. Muuzaji alitaja bei, nikamshukuru, nikamwuliza habari za watoto, nikatoka. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni wa bei nafuu na nguvu unazo, ila hasira zake haziishi mapema, na ukipasuka unapasuka mwanzo hadi mwisho. Mabanzi, yale magamba yanayobaki magogo yakichanwa, karibu wayatoe bure, lakini upande mmoja ni ganda na mwingine ni mbichi. Plaiwudi ya kumwagia zege, inayouzwa jengo likiisha, si mbaya kama utapanga mbili na hukuti maji yameingia pembeni. Zote nilizoziona zilikuwa zimefumuka kama chapati. Nikabaki na paina, na paina siidharau hata kidogo. Anayeanza kazi na mfuko mwembamba achukue paina, apange mbao nene, azikaushe msimu mzima. Mimi msimu mzima sikuwa nao. Mdomo wangu ulikuwa umeshanipangia tarehe.

Nilikwenda Uyole kumwona Ambakisye, fundi wa kuunda bodi za malori, ambaye tulifahamiana tangu enzi za Injinia. Yeye ni Mnyakyusa mcheshi, na sikupata hata nafasi ya kumaliza salamu.

"Wewe Mhehe, umekuja kunisalimia au umekuja kuiba mbao?"

"Nikisema kusalimia utaamini?"

"Siamini. Chukua kiti ukae."

Mafundi wake walikuwa wanang'oa sakafu ya lori moja ili waweke mpya. Mbao zilizong'olewa zilirundikwa ukutani, nyeusi kwa uchafu, zinangojea mama lishe waje kuzichukua wakapikie. Nikaokota moja. Ilikuwa nene, nzito kiasi, na nilipoigonga kwa kifundo cha kidole ikalia vizuri, sauti kavu. Nikaiinua usawa wa jicho. Ilikuwa imenyooka. Mbao ile ilikuwa imepigwa jua na mvua na mitikisiko ya barabara kuu kwa miaka mingi, imepanda na kushuka mlima Kitonga huku imebeba mizigo. Nikamkumbuka foromani na kofia yake. Kama kuna mbao duniani iliyomaliza hasira zake, ni hii.

"Ilikuwa inabeba nini?" niliuliza.

"Wee mzee, unataka mbao au unataka historia?"

"Nataka historia kwanza."

Swali hilo lilikuwa muhimu, nanyi mtakaofuata njia hii mlishike. Sakafu iliyobeba mbolea muiache, chumvichumvi yake inavuta unyevu na inakula vyuma vyenu. Iliyomwagikiwa dizeli au oili muiache pia, gundi haishiki juu ya mafuta, na kila kazi ya mteja itatoka na doa. Ambakisye akamwita dereva, kijana mnene aliyekuwa anakula muhogo wa kuchoma kando.

"Vitunguu, mzee," dereva akasema. "Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Nyanya mara moja moja."

Nilitamani kumkumbatia. Ambakisye akaniambia nichague ninazotaka, nimletee siku moja stuli ya kukalia kibandani. Na kwa kuwa lori lilikuwa linarudi Ruaha Mbuyuni na lazima lipite Iringa, likabeba sakafu yake ya zamani juu ya sakafu yake mpya mpaka Ipogolo, pale barabara kuu inapopita chini ya mji wetu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta vyuma. Msumari mmoja uliojificha unatosha kuharibu kisu cha randa, kwa hiyo nilipitisha juu ya kila mbao sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Iliponata, nilichimba. Kisha nikazisugua kwa brashi na maji, maana mchanga ukiachwa kwenye nyufa unakula kisu polepole. Baada ya kulowa ilibidi zikauke tena, na sehemu kavu kuliko zote kwa mwenyeji wa nyanda hizi mnaijua. Ni darini jikoni, juu ya moto, tunapoweka mahindi.

Mama Neema alisimama mlangoni pa jiko lake. Mlango ule ulikuwa unakwaruza sakafu, nakiri. Nyumba ya seremala ndivyo ilivyo.

"Mahindi yangu yaende wapi?"

"Yasogee kidogo tu."

"Na hii harufu?"

Ilikuwa kweli. Moto ulipozipata, jiko zima likanuka vitunguu, na hakuna aliyekuwa anapika kitunguu. Majirani walipita wakiuliza leo kuna sherehe gani. Mama Neema akasonya, kisha akapanda mwenyewe kwenye kigoda akasogeza mahindi.

Zilipokauka nilizinyoosha pembeni, nikazipaka gundi, nikazibana kwa kamba na kabari, kwa kuwa vyuma vya kubania sina. Chini nikaweka mihimili yenye matundu marefu ya Injinia, nikafunga bolti. Halafu nikainawisha. Chini ya ule weusi mbao ilikuwa nyekundu iliyokolea, na sikumaliza kupiga randa kwa siku moja, kwa sababu kila mara nilisimama kuitazama. Kimo nilikipima kwenye nyonga yangu. Mgongo haukuinama.

Kisha ukaja upepo wa kiangazi. Mnaujua upepo wa Iringa wa kabla ya mvua, unaokausha midomo na kupasua visigino. Milango ya mtaa mzima ikaanza kulia. Mimi niliacha kuipima meza. Niliogopa, sina neno jingine. Kila nilipofikiria kuchukua rula nilijiona nimekaa sebuleni Dodoma, nimevaa shati safi, naangalia taarifa ya habari.

Neema alikuja likizo, na siku ya pili mawingu yakafunga upande wa milimani. Matone ya kwanza yalipogonga bati alinitazama, akaenda mwenyewe kuichukua rula ukutani.

"Nifanyeje, baba?"

"Isimamishe kwa ukingo. Inama. Uniambie kama unaona mwanga."

Aliinama. Akafumba jicho moja, akachungulia.

"Sioni kitu."

"Sogeza huku. Na kona kwa kona."

Akasogeza, akainama tena. "Baba, ni giza tupu. Hakuna mwanga popote."

Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia alilobeba kutoka mbali, na machozi yakanitoka mbele ya mwanangu wala sikuona haya. Neema naye akaanza kucheka na kufuta macho. "Basi kaa na meza yako," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa mgongo tu, baba."

Mama Neema alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. "Mngeniuliza mimi," alisema, "ningewaambia."

"Wewe ungejuaje?"

Akatia kidole kwenye pindo la kitenge, akatoa kipande cha uzi mweupe wa kushonea. "Kila asubuhi ukienda kunawa, naukaza huu juu ya meza kutoka kona mpaka kona. Unadhani ni wewe tu usiyetaka kuhama?"

Kesho yake nilianza kazi ya kwanza juu ya meza ile, nimesimama. Ilikuwa mlango wa jiko la Mama Neema. Sasa unafunguka bila kugusa sakafu, na ukiupitia karibu unanuka vitunguu kidogo, umeambukizwa na meza.