Mkonge Kwenye Njia ya Tembo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilifika shambani, kwenye tambarare nje ya Same, nikakuta ua wa mkonge umelala chini. Tembo walikuwa wamepita. Ua huo tuliupanda wakulima watatu, miaka ile biashara ya mahindi ilipoachiwa huru na malori yakaanza kununua mpaka mashambani. Kila mtu alilima hadi ukingo wa mwisho. Wazo la mkonge lilikuwa la jirani yangu, mtu wa kuja, aliyepunguzwa kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alisema hakuna mnyama anayependa miiba ile.

Nilichunguza majani. Yalikuwa yametafunwa, maji yamefyonzwa, nyuzi zimetemwa. Kwa wanyama wenye kiu, tulikuwa tumepanda miwa.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Shamba langu na la jirani yaliguswa pembeni tu. La katikati, la mwenzetu wa tatu, mama mjane, halikubakiwa na bua. Msimu uliotangulia ilikuwa hivyo hivyo, naye hakuwa na shamba jingine.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu nilipomkuta shambani kwake.

"Marahaba. Umekuja kuangalia mavi ya tembo au kunipa pole?"

"Vyote viwili. Kabla hujalima, hapa palikuwa na nini?"

"Njia. Ng'ombe wa Wamasai mchana, tembo usiku, wakienda mtoni. Nilipachagua kwa sababu hapakuwa na kisiki cha kung'oa."

Nilifuata nyayo pande zote mbili. Zilinyooka kutoka porini hadi shambani kwake, zikatokea upande wa pili kuelekea mtoni. Baadaye sana nilisoma kwamba njia ya namna hiyo huitwa ushoroba. Siku ile niliona tu kwamba tembo walikuwa safarini, nasi tuliwawekea chakula njiani.

Nikawapendekezea wote wawili tung'oe mkonge, njia iachwe wazi, na mama amegewe ardhi kwangu na kwa jirani.

"Yaani tembo apate kiwanja, mimi nipunguziwe," jirani alisema. "Na kodi atalipa nani?"

"Mbolea ameshaleta," mama akamjibu. "Wewe ulileta miiba."

Jirani alicheka, lakini hakukubali mpaka alipozifuata nyayo mwenyewe. Ndipo tukaomba msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare, ambayo kwa desturi ni ya kusafisha mifereji na kutengeneza barabara. Watu walinung'unika kuitwa kumlimia tembo njia. Walikuja hata hivyo, maana asiyetokea kwenye msaragambo hutozwa faini.

Msimu uliofuata tembo walipita. Waling'oa mistari miwili ya mahindi yangu, wakaendelea na safari. Mama alivuna magunia sita kwenye kipande chake kipya, akayauza yote kwenye lori kwa shilingi elfu thelathini za wakati huo.