Gertruda Hafungi Kidonda Kichafu

Jua limeshapanda juu ya makuti ya Bagamoyo na Gertruda amepiga magoti nyuma ya mgongo wa mtu. Mkononi ana birika la shaba lenye mdomo mwembamba. Ndani yake mna maji yaliyochemshwa yakapoa, yamechanganywa na melini, dawa ya kusafishia vidonda inayonuka kama lami. Anayamimina taratibu ndani ya kidonda kilichopasuliwa kando ya uti wa mgongo, na yanatoka yakiwa na rangi ya kahawa.

"Bado," anasema. Anamimina tena.

Mwenye mgongo ni Dadi, mpagazi wa Fukayosi. Alirudi kutoka bara na ncha ya mshale imenasa karibu na mfupa. Juzi fundi wa kupasua aliitoa. Kisu kilipowekwa chini, ndipo kazi ya Gertruda ilipoanza: kuosha mpaka maji yatoke meupe, kisha kufunga. Uchafu ukibaki ndani, usaha hushuka kwenye uti, na mtu akapooza miguu au akafa.

Mjini wengi hawamwelewi. Wanaamini kidonda kikinywa maji huoza.

"Wananiambia nawazamisha watu nchi kavu," anasema, akicheka kwa dharau. "Haya, wanionyeshe maiti yangu hata moja."

Leo lakini hacheki sana. Jana alimwacha Dadi akiwa safi. Jioni wenzake wa msafara wakaja kumjulia hali, wakafungua kitambaa, na kila mmoja akamtemea mate ya tumbaku palepale penye kidonda. Ndiyo desturi ya msafara wao: mgonjwa hutemewa baraka mahali panapouma, na asiyetema huhesabiwa kuwa ana roho mbaya. Walifanya kwa mapenzi. Asubuhi Dadi kaamka na homa, mgongo umevimba.

Salumu, mpagazi mwenzake, amesimama pembeni kwa aibu. "Mama, tungeondokaje bila kumbariki ndugu yetu?"

"Mtemeeni miguuni," Gertruda anamjibu bila kugeuka. "Miguu ndiyo inayosafiri. Mgongo huu ni wangu mpaka upone."

Kazi hii hakufundishwa darasani. Aliuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akabatizwa, akaanza kuosha majeraha ya wenzake waliotolewa kwenye minyororo. Siku hizi hulipwa mchele, mara nyingine kuku. "Na mara nyingi matusi," anaongeza.

Maji hayajawa meupe bado anapoingia Kibwana, mnyapara wa msafara. Anasimama akingoja aambiwe shikamoo, salamu ya mtumwa kwa bwana wake.

"Hujambo, Kibwana," anasema Gertruda.

Kibwana anakunja uso. "Mfunge huyo. Tunaondoka leo. Asipobeba mzigo wake, nafasi yake nampa mwingine."

"Mpe."

"We mwanamke, unajua unasema na nani?"

"Najua sana. Nikimfunga na uchafu huu, utamtupa njiani kabla hujafika mbali, na fisi watamshukuru Kibwana. Hatoki hapa."

Anaweka birika chini, anainuka, anasimama katikati ya mlango na mikono yake imelowa. Ni mwembamba, Kibwana angeweza kumsukuma kwa kiwiko. Lakini Salumu naye anasogea, anasimama bega kwa bega na Gertruda. Mnyapara anawatazama wote wawili, anasonya, anaondoka. Ngoma ya msafara inaanza kulia huko nje, na Salumu anatoka kukimbilia mzigo wake.

Dadi amelala kifudifudi. "Mama, kazi yangu ndiyo imekwenda?"

"Imekwenda, mwanangu. Miguu unaisikia?"

Vidole vyake vinacheza. "Naisikia."

"Basi kazi tutatafuta nyingine."

Anarudi kumimina. Maji yanatoka ya kahawa, yanafifia, hatimaye yanatoka meupe, naye anafunga kidonda kwa kitambaa kilichochemshwa.

Ukimuuliza sasa anataka nini, hafikiri mara mbili. Anataka chumba chake mwenyewe cha wagonjwa, cha mawe, ambacho mnyapara wala mwenye baraka za tumbaku hataingia bila kubisha hodi.

"Nilikuwa nafungiwa kwa nje, na komeo lilishikwa na watu wengine," anasema. "Chumba changu kitafungwa kwa ndani. Komeo nitalishika mimi."