Jina Ndani ya Kengele

Mwongozaji aliwasimulia wageni sifa za manowari ile kuukuu ya kubebea ndege, sasa makumbusho: ndege themanini, mabaharia elfu tano, vita viwili. Verna hakumsikiliza. Kengele ya meli hiyo ndiyo iliyopinduliwa na kutiwa maji siku alipobatizwa bintiye, na kwa desturi baba baharia ndiye huagiza jina la mtoto lichongwe humo ndani. Mtoto alifariki akiwa na miezi minne. Dwayne, mpenzi wake aliyekuwa baharia wa humo, akaapa kwamba hakuwa wake.

Verna akapenyeza mkono ndani ya kengele.

“Mama, utaacha kidole humo! Hiyo inagongwa!” mwongozaji akamwonya.

“Basi kingoje, mwanangu. Mimi nimengoja miaka ishirini na sita.”

Akapapasa herufi: Lorelei, kisha jina la ukoo wa Dwayne. Mwongo yule!

Mgeni mmoja akavuta kamba ya kengele. Mlio ukampanda Verna mkononi, mwembamba kama kilio cha kichanga. Hakuutoa mkono.